Doa la Unyayoni

Mwaka jana mzee mmoja wa zoni yetu alianza kutembea akikanyagia vidole tu. Kwenye kisigino alikuwa na doa jeusi. Yeye alisema ni msumari aliokanyaga siku za kukimbia Kongo. Majirani wakasema ni funza, wakamchokonoa na pini. Doa likapanuka, likawa kidonda, na kidonda hakikauki. Alipoota mtoki ndipo watoto wake wakachanga nauli ya kwenda Mbarara. Huko alikatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Jibu likarudi: melanoma, yaani saratani ya zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Kijana wake anacheza mpira kwenye kikundi chetu. Siku moja akaniuliza: "Yaya, si kuna kipimo cha kujua kama mzee atapona ao hapana?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, na kumbe historia ya swali lake imepita hapa hapa Uganda.

Nakivale ilianza mwaka 1958, ikipokea Wanyarwanda. Mwaka huo huo, kule Mulago, daktari Denis Burkitt alitoa makala juu ya uvimbe wa taya za watoto, ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kampala ya wakati ule ilikuwa inahesabu saratani kwa makini. Daftari la kuandikisha wagonjwa lilikuwa limeanza mwaka 1951. Madaktari wakaona jambo la ajabu. Kwa Wazungu melanoma hutokea sana mgongoni, miguuni na usoni, kule jua linakochoma. Kwa Waganda wagonjwa wengi walikuwa nayo chini ya unyayo, mahali ambapo jua halifiki. Wengi walidhani sababu ni kutembea peku: miiba, visiki, vidonda vya kila siku.

Mtaalamu wa maabara M. G. Lewis hakutosheka na miiba. Mwaka 1967 alichapisha makala kuhusu melanoma ya Uganda, akiihusisha na madoa ya rangi ambayo watu wengi weusi wanayo chini ya miguu. Tusiogope hapa: karibu madoa yote ya namna hiyo hayana shida. Lakini swali lilihama, likatoka kwenye mwiba likaenda kwenye seli yenyewe.

Mwaka 1969 Lewis na wenzake wakatoa kazi nyingine, na hiyo inagusa kabisa swali la yule kijana. Walipima damu ya wagonjwa wa Uganda. Baadhi walikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili, zinazopigana na seli za uvimbe wao wenyewe. Zilionekana kwa watu ambao saratani ilikuwa bado imekaa mahali pamoja. Ugonjwa ukishasambaa, zinapotea. Kwa hiyo damu ilikuwa inasema kitu kuhusu safari ya ugonjwa! Lakini alama ile haikufikia kuwa kipimo cha kawaida hospitalini.

Kilichofikia ni kitu rahisi zaidi. Mwaka 1970 Mmarekani Alexander Breslow alionyesha kwamba unaweza kupima unene wa melanoma, imeshuka milimita ngapi ndani ya ngozi, na unene huo ukakuambia mengi juu ya mwisho wake. Ikiwa chini ya milimita 1, wengi wanapona kwa kukatwa tu. Ikipita milimita 4, hatari ni kubwa. Mpaka leo hiyo ni kati ya namba za kwanza anazotafuta daktari, pamoja na kuangalia kama juu pamechubuka kuwa kidonda na kama imefika kwenye mitoki.

Hapa kwetu mambo yakavurugika. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilikuwa imeanza Mulago mwaka 1967 chini ya Mmarekani John Ziegler. Baada ya Amin kuchukua nchi mwaka 1971, walimu na madaktari wengi wa kigeni waliondoka. Mganda Charles Olweny akashika taasisi, na wodi hazikufungwa. Ila utafiti mkubwa ulisonga mbele nchi nyingine, kwa ngozi nyingine.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba melanoma nyingi zina kasoro kwenye jeni inayoitwa BRAF. Jeni ni kama maagizo ndani ya seli. Hii ikiharibika ni kama swichi ya taa iliyokwama, seli inaambiwa "zaana, zaana" bila kupumzika. Karibu nusu ya melanoma za ngozi za Wazungu zina kasoro hiyo, na kuanzia 2011 dawa za kuzima swichi hiyo zikaruhusiwa Marekani. Lakini mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba melanoma za unyayo, kiganja na chini ya kucha ni za namna yake. BRAF ni haba kwao, na baadhi zina kasoro kwenye jeni nyingine, KIT. Kwa hiyo dawa iliyowaokoa wengine, kwa mtu wetu mara nyingi haina cha kuzima.

Bob Marley, ambaye picha yake iko kwenye fulana nyingi hapa kambini, alikutwa na melanoma hiyo hiyo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Pesa na hospitali za Ulaya na Marekani alikuwa nazo. Muda ndio ulikwisha.

Basi nilimjibu yule kijana hivi: kipimo cha jeni kinasaidia kuchagua dawa, hakitaji siku ya mtu kufa. Alama inayosema zaidi ni milimita, na milimita zinaongezeka kila mwezi tunaosema ni funza. Alinyamaza. Mzee alifariki kabla ya mvua.

Siku hizi, Jumamosi baada ya mechi, yule kijana anawaambia wenzake wavue viatu. Kila mmoja anamwangalia mwenzake nyayo: doa linalopanuka, lenye rangi mbili tatu au kingo zisizo sawa, kidonda kisichokauka, mstari mweusi wa ukucha unaozidi upana. Wanacheka kwa sababu miguu inanuka. Akimaliza kwao, anakaa chini, ananyoosha miguu yake na yeye aangaliwe.