Karani wa Mtaa

Washikaji wangu wa kijiweni hapa Bunda wananicheka. Kidato cha nne nimemaliza, riwaya yangu imekwama sura ya tatu, halafu kila asubuhi naenda ofisi ya mtaa kujitolea. Naandika barua za utambulisho, muhtasari wa mkutano, majina ya waliochangia madawati. Posho hamna. “Sasa unakula nini huko?” wananiuliza. Jibu sikuwa nalo.

Mwezi uliopita nikapanda gari hadi Makutano, nikaunga kwenda Butiama. Nilifuata mambo ya riwaya, nikarudi na kitu kingine.

Ndugu msomaji, Butiama tunaijua kwa Mwalimu tu. Lakini kabla yake palikuwa na ofisi. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Alipofariki mwaka 1942, kiti kilikwenda kwa mwanawe Edward Wanzagi. Chifu wa enzi ya Mwingereza alikusanya kodi na kuamua kesi, akiwa na karani wake pembeni. Mwaka 1963 Serikali ya Uhuru ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima, na kiti cha Butiama nacho kikaenda. Hebu fikiria: kaka anapoteza kiti chini ya serikali ya mdogo wake! Riwaya hiyo nani ataiandika?

Kazi zikaachiwa halmashauri za kuchaguliwa. Nazo hazikukaa. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa. Jina lilitamka madaraka kwenda chini, ila waliokuja kuyashika walikuwa maofisa wa serikali kuu. Mwananchi akabaki hana diwani wa kumbana. Miji ilichakaa vibaya, hata mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha na za wilaya, zikaanza kazi 1984.

Na hapa ndipo Mwalimu aliponishika. Mwaka huohuo wa 1984, akiwa bado Rais, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa, na kama angeanza upya asingerudia. Wakubwa wangapi unawajua wanaosema hivyo wakiwa bado kwenye kiti? Mwaka uliofuata akang'atuka, akarudi Butiama.

Nilirudi kwa njia ya Musoma nikiwaza daftari langu. Miaka ile kumi na miwili, nani aliandika walichosema watu wa mtaani kwangu?

Mnasema ukarani unaua mwandishi. Haya, Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akapita idara kadha wa kadha za serikali, na vitabu akaandika. Mimi sijilinganishi naye, jamani! Ila mezani pale nimesikia mzee akieleza mpaka wa shamba lake kwa majina ya miti iliyokwishakatwa. Kijiweni sijawahi kusikia lugha ile.

Binamu yangu wa Mwanza ana duka la simu, ananiita nikauze. Mshahara upo, tena kila mwezi. Anataka jibu Jumatatu. Jumamosi tuna mkutano wa mtaa juu ya kisima, na mtendaji ameshanikabidhi daftari jipya. Nimelipigia mistari.