Ililinganishwa na nini? Uzi kuhusu dawa, siasa na ushahidi, kutoka Lodwar

1/ Kila msimu wa kampeni ukifika hapa Lodwar, hoja mbili hurudi. Ya kwanza: "Dawa tunazo, ila wakubwa wa nje wanatuzuia." Ya pili: "Hawa watafiti wametugeuza panya wa maabara." Anayesema hupigiwa makofi, msafara unaondoka, na sisi tunabaki na wagonjwa wetu. Leo nataka tuzipime zote mbili kwa historia. Sitataja mwanasiasa wala chama. Mimi ni afisa wa kliniki, siku hizi nafundisha. Vuteni viti.

2/ Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walianza kuzungumzia tiba inayofuata ushahidi. Kwa lugha ya kawaida: usimpe mgonjwa kitu kwa sababu tu mkubwa wako amesema, au kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Uliza, waliopewa hii walipona kuliko wasiopewa? Yaani, ililinganishwa na nini? Swali hilo halifuti uzoefu wa daktari wala matakwa ya mgonjwa. Vyote vinakaa meza moja.

3/ Mimi sikulijua swali hilo nilipoanza kazi. Usiku mmoja nikiwa zamu, hospitali sitaitaja, aliletwa mtoto wa miaka kama miwili. Homa kali, mikono baridi, anahema mbio. Kitabu nilichosomea kilisema mtoto kama huyo damu yake haizunguki vizuri, mmiminie maji ya mshipa haraka. Nikafungua dripu yote. Nikajiona nimefanya kazi safi kabisa. Kabla ya alfajiri mtoto akafariki. Mama yake akanishukuru kwa kujaribu.

4/ Miaka ikapita. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha matokeo ya utafiti uitwao FEAST. Ulifanywa katika hospitali 6: moja Kenya, moja Tanzania, nne Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu. Makundi mawili yalimiminiwa maji haraka, kila moja aina yake ya maji. Kundi la tatu halikumiminiwa, lilipewa maji ya kawaida polepole.

5/ Kila mtu alitarajia waliomiminiwa ndio wangepona zaidi. Kumbe ni kinyume. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa walifariki karibu 10.5 katika kila 100. Kati ya wasiomiminiwa, 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu kuendelea kungekuwa kosa. (Angalizo kwa wazazi: watoto waliokaushwa na kuhara hawakuwa kwenye utafiti huu. Hao bado wanahitaji maji, tena upesi. Msije mkamkatalia daktari kwa sababu ya uzi wangu.)

6/ Nilisoma matokeo hayo nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wadi, nikamkumbuka yule mtoto. Je, ni maji yangu yaliyomuua? Sijui, na sitajua kamwe. Mgonjwa mmoja hawezi kukuambia. Huo ndio ugumu wa kazi yetu: akipona unasema ni dawa, akifa unasema alichelewa kuletwa. Kwa mtindo huo daktari anaweza kukosea miaka 30 na bado akaheshimiwa kijijini. Ilibidi watoto elfu tatu walinganishwe kwa haki ndipo kosa lionekane.

7/ Sasa turudi kwenye hoja ya kwanza, "dawa tunazo". Wazee kwenye uzi huu wanakumbuka KEMRON. Mwaka 1990, UKIMWI ukiwa unaua na hakuna dawa ya maana, taasisi yetu ya KEMRI ilitoa habari iliyotikisa dunia. Interferoni kidogo tu, ya kuyeyusha mdomoni, eti inawarudishia wagonjwa nguvu, na wengine hata vipimo vinageuka kuwa safi. Rais wa wakati huo akaizindua mwenyewe. Watu walitoka nchi za mbali kuja Nairobi kuitafuta.

8/ Mnaona ilivyokuwa tamu? Mwafrika amepata dawa na mzungu bado anahangaika. Aliyeuliza swali alionekana msaliti. Lakini swali lilikuwa halali: wagonjwa wale walilinganishwa na nani? Hapakuwa na kundi la pili. Mgonjwa anayepewa matumaini, chakula na uangalizi huongeza kilo hata bila dawa. Na hata ile sifa ya "yetu" ilikuwa nusu tu. Wazo lilikuwa limetoka kwa daktari wa mifugo kule Texas, na interferoni ilitoka Japani.

9/ Nani aliitegua hiyo kitendawili? Si wazungu peke yao wakiwa Geneva. Ni Waganda. Kampala, madaktari wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani walichukua wagonjwa zaidi ya 500. Wengine wakapewa interferoni, wengine dawa bandia isiyo na kitu ndani, na si daktari si mgonjwa aliyejua nani kapewa ipi. Matokeo yalichapishwa 1998: hakuna tofauti. Dawa za kupunguza makali ya virusi tunazotumia leo zilipita kwenye mlango huo huo wa kulinganishwa. Zikapita.

10/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na chupa akasema "hii ni yetu", mimi simcheki wala simpigii makofi. Hata emuron wetu nawaheshimu, wapo wanaojua mimea kuliko mimi. Lakini mmea, sindano na kidonge vyote naviuliza swali moja. Uzalendo hauteremshi homa. Na wanaokwambia kupima dawa ya nyumbani ni dharau wanakosea: kuikataa bila kuipima ndiyo dharau, na kuisifu bila kuipima ni kumdharau mgonjwa.

11/ Hoja ya pili, "panya wa maabara". Hii sitaipuuza, manake ina uchungu wa kweli. Niliwahi kushika tochi usiku timu moja ikitoa watu damu kwenye boma mbali na barabara. Waliahidi kurudi na majibu. Hadi leo mzee wa boma lile akiniona sokoni ananiuliza, "Damu yetu ilisema nini?" Sina jibu. Mtu kama huyo ukimwambia utafiti ni mzuri, ana haki ya kukutemea mate.

12/ Lakini tuseme na upande mwingine. Turkana tulijulikana duniani kwa ugonjwa wa uvimbe wa maji, unaoletwa na tegu mdogo wa mbwa. Mbwa hula matumbo ya mbuzi mgonjwa, halafu mayai ya tegu humfikia binadamu, na uvimbe hukua ini miaka na miaka. Tulikuwa miongoni mwa walioumizwa zaidi na ugonjwa huo dunia nzima. Mwaka 1983 AMREF ilianza mpango wa kuudhibiti kaskazini magharibi, upande wa Lokichoggio.

13/ Pale kulikuwa na swali: tuwapime watu vipi wakati wanahamahama na mifugo? Kwa damu, au kwa mashine ya picha ya kubeba? Wakalinganisha. Mashine ilifanya kazi nzuri kuliko kipimo cha damu, matokeo yakatoka kwenye The Lancet mwaka 1987. Dawa ya albendazole nayo ilijaribiwa mapema kwa wagonjwa wa Turkana ambao hawangeweza kupasuliwa. Leo daktari wa nchi nyingine akimpima mchungaji kwa mashine badala ya kuhangaika na damu, sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwenye vumbi letu.

14/ Na kifua kikuu je? Wengi hawajui hili. Zamani matibabu yalikuwa mwaka mmoja na nusu. Fikiria mfugaji atulie mahali pamoja miezi 18! Kuanzia 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia kwenye majaribio ya pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na ikaonekana miezi 6 inatosha ukichanganya dawa zinazofaa. Dunia nzima sasa inafuata njia hiyo. Mjomba wako aliyepona kwa miezi sita anadaiwa shukrani na wagonjwa wa Afrika Mashariki wasiojulikana majina.

15/ "Sawa, lakini ushahidi wa nje si wetu." Hoja nzuri, na Kenya tulishaijibu kwa heshima. Dunia ilipoanza kusema nimonia ya watoto wanaobonyea kifua inaweza kutibiwa kwa amoksilini ya kunywa badala ya sindano, jopo la wataalamu wetu lilisita: ushahidi mwingi ulitoka Asia, watoto wetu wana hali nyingine. Hawakuishia kupiga kelele. Watafiti wakaenda kwenye hospitali 6 za Kenya na watoto 527.

16/ Matokeo yalitoka 2015. Tiba ilishindwa kwa 7.7 katika kila 100 waliopewa ya kunywa, na 8.0 waliodungwa. Ni kama sawa tu. Maana yake hapa kwetu: mtoto wa Kibish au Lokitaung asiye na dalili za hatari zaidi anaweza kutibiwa bila kuchomwa sindano mara nne kwa siku, bila mama kulala hospitalini akiwaacha wengine nyumbani. Hivyo ndivyo unavyokataa kuburuzwa na wageni. Unapima mwenyewe.

17/ Kuna na kosa ambalo lilikuwa letu wenyewe. Ramani za malaria zilituweka kwenye maeneo makavu, malaria ya msimu tu. Mgonjwa akija tunamuuliza, "Ulisafiri wapi?" Kama hakusafiri, tunashangaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Duke kule Marekani walipopima watu hapa Turkana walikuta vimelea kwa wasiosafiri, hata kwa wasiojisikia wagonjwa. Ugonjwa ulikuwa unaambukizwa hapa hapa. Ramani isiyopimwa hunyima watu vyandarua.

18/ Darasani sasa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Kenya ina kijitabu cha mwongozo wa kutibu watoto kilichoandikwa kwa kuchambua tafiti, na wanafunzi wangu hukibeba mfukoni. Ni hatua kubwa. Ila namwambia kila mmoja: usikikariri kama mimi nilivyokariri changu. Kijitabu hubadilika. Ukikuta toleo jipya linakupinga, usione haya. Aibu ni kuendelea na la zamani kwa sababu ulishalizoea.

19/ Na kesho? Kesho inategemea pesa, na hapa ndipo siasa inaingia kweli kweli. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa kitaifa wa utafiti kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tafiti nyingi barani zilikwama. Anayelia kwamba wageni ndio wanaochagua tutafiti nini, amulizeni alipigaje kura bajeti ilipoletwa.

20/ Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo maswali haya yanawahusu hata wa hapa nyumbani. Mtu akija kuomba kura na habari ya dawa au ya utafiti, muulize manne:
– Ililinganishwa na nini?
– Nani alihesabu waliokufa, si waliopona tu?
– Majibu yatarudi lini kwa waliotoa damu, na kwa Kiturkana?
– Bajeti ya kuendeleza kazi hiyo iko wapi?

21/ La tatu mimi nimeanza kulifanyia kazi mwenyewe. Wanafunzi wangu wakienda kukusanya takwimu vijijini, hawapati alama hadi warudi wakae chini ya mti na wenye boma wawaeleze walichokuta, hata kama walichokuta ni "hatukupata kitu". Mwaka huu nitawapeleka kwa yule mzee wa tochi. Majibu ya damu ile sina, lakini angalau kuna mtu atakayerudi kumwambia hivyo.

Mwisho wa uzi. Mwenye ushahidi unaonipinga aulete hapa chini. Nitausoma.