Wika na Suala la Miungu: Dini Isiyokuwa na Shahada

Mwaka 1951 Bunge la Uingereza liliifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735, ambayo kwa zaidi ya karne mbili ilimtisha kwa kifungo kila aliyejidai kuwa aweza kuroga, kupiga ramli au kuita mizimu. Na miaka mitatu baadaye mzee mmoja aitwaye Gerald Gardner, aliyepata kuwa mtumishi wa forodha huko Malaya hata akastaafu mwaka 1936, akatoa kitabu, Witchcraft Today, akidai kuwa wachawi wa kale hawakutoweka, naye mwenyewe alisema kuwa aliingizwa katika jamaa yao mwaka 1939, karibu na msitu wa New Forest, kusini mwa Uingereza. Hao aliowataja hawakuwa wachawi wa kudhuru watu usiku, bali wenye dini, nayo ndiyo iitwayo leo Wika. Dibaji ya kitabu hicho iliandikwa na Margaret Murray, mwanachuoni wa mambo ya Misri ya kale, ambaye tangu mwaka 1921 alikuwa akishikilia kuwa watu waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi walikuwa wafuasi wa mungu mwenye pembe, aliyeabudiwa kabla ya Ukristo. Wanahistoria wameikataa hoja yake kwa dalili zilizo wazi, lakini mungu yule alikwisha kupata wa kumwabudu.

Mwenziwe wa kike alitoka katika vitabu vingine. Charles Leland, Mmarekani aliyekaa Italia, alichapisha mwaka 1899 habari za wachawi wa Tuscany wamwombao Diana. Dion Fortune, katika riwaya yake ya mwaka 1938, The Sea Priestess, alifundisha kuwa miungu wa kike wote ni mmoja. Na mshairi Robert Graves, mwaka 1948, alimsawiri mungu wa mwezi mwenye sura tatu, mwanamwali, mama na ajuza, sura ambazo wafuasi wengi wa Wika huzitaja leo kana kwamba zilirithiwa tangu enzi na dahari. Dini iliyokusanywa hivi, kutoka kwa mwanachuoni, mwandishi wa riwaya na mshairi ambao hawakupata kukaa baraza moja wakapatana juu ya akida, ingewezaje kuwa na tamko moja juu ya dhati ya Mungu?

Lililowaunganisha lilikuwa ibada. Duara la futi tisa huchorwa kwa kisu chenye mpini mweusi, na haishangazi kuwa kisu kimepewa heshima hiyo, maana Gardner alikuwa fundi wa habari za keris, majambia ya Kimalai ambayo wenyewe huyaitakidi kuwa na roho, na aliyaandikia kitabu kizima. Ndani ya duara kuhani wa kike husimama mbele ya madhabahu, na mwanamume hupiga magoti miguuni pake na kumwita mungu wa kike amteremkie. Kisha kuhani husema na waliohudhuria kwa ulimi wa mungu. Msomaji wa pwani atakumbuka ngoma za pepo na kiti anayepandwa, ila hapa maneno mengi ya mteremkiwa yamehifadhiwa kwa moyo kabla ya usiku wenyewe. Je, ni mungu kweli aliyeshuka, au ni nafsi ya mwanamke yule iliyoamka? Hapo kila mmoja hujijibu.

Maneno hayo mashuhuri yana mtungaji anayejulikana. Doreen Valiente, aliyeingizwa na Gardner mwaka 1953, alitambua mara moja kuwa sehemu kubwa ya kitabu cha siri cha mwalimu wake ilichotwa katika maandishi ya mwandishi wa uchawi Aleister Crowley, akamwambia hivyo waziwazi, naye akamtaka aandike yaliyo bora kama aweza. Akaandika, na matini yake humfundisha mtafutaji kuwa asipomwona mungu ndani ya nafsi yake, hatamwona nje. Gardner mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alikiri kuwako kwa Mkuu mmoja asiyejulikana, aliye juu ya miungu wadogo wanaosemezana na wanadamu. Mwalimu na mwanafunzi, basi, hawakuwa na akida moja. Walakini walipofarakana, mwaka 1957, ugomvi ulikuwa juu ya kujitangaza magazetini na juu ya kanuni alizozitoa Gardner, mojawapo ikimtaka kuhani wa kike akubali kumpisha aliye kijana zaidi. Suala la miungu halikuwatenga.

Amerika ilizidisha tofauti. Zsuzsanna Budapest, mkimbizi wa Hungaria, alianzisha California katika miaka ya 1970 jamaa ya wanawake watupu wanaomwabudu mungu wa kike peke yake. Mwaka 1979 mfuasi mwingine, Starhawk, aliandika kuwa kumwamini mungu huyo si jambo la kuulizwa, kama vile mtu haulizwi kama anaamini mawe. Na mwaka huohuo mwandishi wa habari Margot Adler akaonyesha kuwa katika duara moja husimama anayeitakidi miungu wengi hai, anayewaona kuwa nyuso za mmoja, na anayewafanya majina tu ya nguvu za nafsi. Wakosoaji huliita jambo hili vurugu. Mimi naona ni tabia ya dini inayomwuliza mtu anatenda nini kabla ya kumwuliza anaamini nini, ijapokuwa nakiri kuwa mgeni anayetafuta jibu la mkato atachoka upesi.

Katika sensa ya mwaka 2021, Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa wapagani na 13,000 hivi wakajiandika Wika. Huko Marekani, mwaka 2007, baada ya kesi ya wajane na wafuasi wengine, serikali iliruhusu nyota ya pembe tano ndani ya duara ichongwe juu ya makaburi ya askari wa dini hii, na hakuna marehemu aliyetakiwa aeleze alimwamini mungu yupi.