Kilichofungiwa na Kilichobebwa

Mwaka 1988, nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nilinunua kwa zabuni Land Rover ya chesisi ndefu iliyokwisha kutumika sana. Gari hilo lilinifikisha Urambo, Sikonge na Nzega kuwaona wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Lilibeba mahindi, wagonjwa wa majirani, na binti zangu wawili siku za harusi zao.

Nilipostaafu mwaka 2009, nililiingiza bandani, nikalifunika turubai la nailoni, nikavuta breki ya mkono na kufunga kufuli. Niliamini kwamba nimelitunza.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Nilipofungua banda, betri ilikuwa imekufa, breki zimeganda, na tairi zimekaa bapa upande uliogusa ardhi. Petroli ilinuka kama rangi iliyochacha. Bodi ya aluminiamu ilikuwa salama, lakini unyevu ulionaswa na lile turubai ulikuwa umeila chesisi ya chuma. Panya walikuwa wamejenga ndani ya chujio la hewa. Mchwa nao walikuwa wamepanda kutoka sakafu ya udongo hadi kwenye benchi la mbao la nyuma. Nilipoligusa lilibomoka kama mkate mkavu. Mwanangu alinishauri niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wapimao kwa kilo.

Usiku ule nilikumbuka Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora. Kwa miaka mingi nimewapeleka wanachuo kwenye tembe lililopo mahali alipokaa David Livingstone. Ndugu msomaji, Tabora ilikuwa mji wa kuweka mizigo kabla ya kuwa mji wa reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, ikabadilisha wapagazi na kuacha bidhaa zake stoo. Livingstone na Stanley walipofika kutoka Ujiji Februari 1872, walifungua shehena ya Livingstone iliyokuwa ikimsubiri. Mchwa walikuwa wamekwisha kula vitako vya bunduki zake, na mitutu imeshika kutu. Mlango ulifungwa; mchwa hawakuhitaji mlango.

Stanley alirudi pwani mwezi Machi. Livingstone alisubiri wapagazi hadi Agosti, akaondoka, na tarehe 1 Mei 1873 akafariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga vizuri, wakaubeba pamoja na daftari zake. Oktoba walipita hapa Kwihara. Huko walikutana na Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo, wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwezi Aprili mwili ukazikwa London. Daftari zilifika pia, na zikachapishwa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Bunduki za thamani ziliharibika chini ya paa, zikiwa na mlinzi. Mwili wa marehemu na makaratasi vilipita mvua, mito na vita, vikafika. Vilikuwa begani mwa watu waliovitazama kila jioni walipotua.

Basi sikuliuza gari. Matengenezo yalinichukua mwaka mzima na sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu, na mke wangu alikuwa na haki ya kunung'unika. Sasa sakafu ya banda ni ya saruji. Mvua zinapokaribia, Novemba, namwaga oili chafu na kutia mpya, maana ile ya zamani ina asidi inayokula injini. Nalipandisha gari juu ya stendi za chuma ili tairi zisibebe uzito. Betri naitoa na kuichaji kila mwezi. Breki ya mkono naiachia, na magurudumu nayazuia kwa matofali. Nafunika kwa shuka za pamba, zinazopitisha hewa. Bomba la moshi naliziba kwa kitambaa chekundu kirefu, nisije nikasahau kukitoa.

Kiangazi, kila baada ya wiki mbili, nalishusha na kuliendesha hadi Kwihara na kurudi, injini ipate moto wa kutosha kukausha unyevu wake. Kuwasha dakika tano na kuzima ni kulidhuru.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nina daftari la shule la kurasa 96 ambamo naandika tarehe, kilomita na kilichofanyika. Mikono yangu imeanza kutetemeka. Hendeli siwezi tena kuizungusha. Tangu mwaka jana anayezungusha ni mjukuu wangu, na kurasa za mwisho zina mwandiko wake.