Mnunuzi Anapojifunga kwa Mkulima: Kisa cha Japani

Mwaka 1965, katika eneo la Setagaya jijini Tokyo, akina mama wapatao 200 walichoshwa na bei ya maziwa. Wakakusanya oda zao na kununua chupa 300 kwa pamoja. Hivyo ndivyo Seikatsu Club ilivyoanza, na mwaka 1968 ikawa chama cha ushirika. Naanza hapo kwa sababu tunapojadili darasani jinsi ya kuwainua wakulima wetu, jibu huwa moja tu: tununue mazao ya nyumbani. Naona jibu hilo halitoshi. La kuuliza ni mnunuzi amemwahidi nini mkulima kabla ya mavuno.

Wajapani wa wakati huo walikuwa na sababu ya kuogopa chakula. Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, ulitokana na zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini na kuwafikia watu kupitia samaki. Mashambani nako dawa za kuua wadudu zilitumika kwa wingi. Mwaka 1971 Teruo Ichiraku, mtu wa vyama vya ushirika, aliongoza kuundwa kwa chama cha kilimo hai cha Japani. Chama hicho kilieneza mpango ulioitwa teikei, yaani ubia kati ya mkulima na mlaji, na mwaka 1978 kikauandikia kanuni 10.

Kanuni iliyonigusa zaidi inamtaka mlaji apokee mazao yote waliyopatana. Figili zikijaa shambani, mtakula figili. Zikiwa zimepinda au zimetobolewa na wadudu, mtazipokea vilevile. Bei hupangwa kwa mazungumzo ya pande zote mbili, na mara nyingine walaji wenyewe walikwenda kupalilia. Mkulima aliyejua kwamba mzigo wote una mwenyewe aliweza kuacha dawa bila kuogopa hasara. Mama yangu analima nyanya karibu na Masaka, na hupiga dawa mara nyingi kuliko anavyotaka. Si kwamba hajui madhara yake. Mchuuzi anayekuja na lori hukataa kila nyanya yenye doa, na zinazokataliwa huozea pale pale shambani.

Hata hivyo tusiipambe teikei. Kazi ya kupanga, kugawa na kubeba mboga ilifanywa zaidi na wanawake waliokuwa nyumbani mchana, tena bila malipo. Wengi wao walipoingia kwenye ajira, vikundi vikadhoofika. (Wapo wanaoandika kuwa mashamba ya Marekani yaliyoanza mwaka 1986 kuuza mavuno kwa walaji waliolipa mapema ni watoto wa teikei. Waanzilishi wake walichukua wazo hilo Uswisi na Ujerumani.)

Kinachoweza kuigwa Kampala, kwa maoni yangu, ni vile vikundi vidogo vya Seikatsu Club, vya kaya kama 10 hivi, vilivyoagiza mapema kwa pamoja. Wanafunzi 10 wa hosteli moja wanaweza kupatana na mkulima mmoja kabla hajapanda, wakakubaliana bei, wakatanguliza sehemu ya fedha na kupokea hata nyanya zenye madoa. Hilo la mwisho ndilo gumu. Sokoni Nakasero sisi wenyewe huigeuza kila nyanya mara mbili kabla ya kulipa.