Mateka wa Jadotville

Asubuhi ya Jumatano, 13 Septemba 1961, askari wa Ayalandi walikuwa katika misa hapa Likasi majandarme wa Katanga walipowashambulia. Mji uliitwa Jadotville wakati huo, kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji mmoja wa wakubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière. Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga na Kongo tangu 11 Julai 1960.

Waayalandi hao, wapatao 155 chini ya Pat Quinlan, walikuwa wameletwa na Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa mwezi ili kuwalinda Wazungu wa mjini. Lakini wengi wa Wazungu hao walimuunga mkono Tshombe, na hawakuwataka walinzi. Alfajiri ile ile, kule Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Umoja wa Mataifa ulianza operesheni ya Morthor dhidi ya serikali ya Tshombe. Jadotville ikalipiza.

Quinlan alikuwa amewaamuru vijana wake wachimbe mahandaki mapema, na mahandaki hayo ndiyo yaliyowaokoa. Majandarme, pamoja na mamluki wa Kizungu, walikuwa wengi zaidi kwa mbali, na ndege yao moja ya kivita aina ya Fouga Magister iliwapiga Waayalandi mabomu kutoka angani. Msaada kutoka Élisabethville, kilomita 120 hivi, ulikwama darajani Lufira. Helikopta moja ilifanikiwa kutua na maji, lakini yalikuwa yametiwa katika madebe yaliyowahi kubeba petroli. Katika joto la Septemba, mvua zikiwa bado, kiu iliwatesa vibaya.

Tarehe 17, risasi na chakula vikiisha, Quinlan alisalimu amri. Hakuna hata mmoja wa askari wake aliyekufa. Usiku uliofuata ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola alipokuwa safarini kwenda kuzungumza na Tshombe. Mateka walishikiliwa kwanza humu mjini, kisha Kolwezi, wakaachiliwa Oktoba kwa kubadilishana wafungwa.

Kwao Ayalandi walipokewa kwa ukimya uliogeuka aibu: kusalimu amri kulionekana doa kwa jeshi. Nasema waziwazi kwamba walidhulumiwa. Kiongozi aliyerudisha vijana wake wote hai hakustahili kufichwa, na Quinlan alifariki mwaka 1997 kabla ya kutendewa haki. Medali zilitolewa mwaka 2017, baada ya miaka 56.

Kwetu Likasi upande wa pili unaniuma zaidi. Simulizi za Kiayalandi hukadiria kuwa wapiganaji wa Katanga wapatao 300 walikufa katika siku zile tano. Hata kama idadi hiyo imetiwa chumvi, wengi wao walikuwa vijana wa Kikatanga. Filamu ya mwaka 2016 kuhusu mapigano hayo ilimfanya Quinlan shujaa, lakini majandarme wakabaki kundi la maadui wasio na majina.

Na safari yao haikuishia hapo. Katanga iliposhindwa Januari 1963, maelfu yao walivuka mpaka kwenda Angola, wakaanza maisha ya uhamishoni, wakazaa watoto huko. Baadaye waliitwa Tigre. Mwaka 1977 walirudi na silaha kupigana na utawala wa Rais Mobutu, wakafukuzwa. Mei 1978 walirudi tena, na mji walioutwaa ulikuwa Kolwezi, kulekule ambako mateka wa Jadotville walifungwa.