Kalamu ya Bibi Salme

Wahenga walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Huko Unguja Waingereza hawakungoja wapatane. Walivuna ugomvi ukiwa umepamba moto.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini Oktoba 1856. Aliacha majumba, merikebu, mashamba ya karafuu, watumwa waliozichuma, na watoto 36 wa mama mbalimbali. Utaratibu wa urithi uliokubaliwa na wote hakuuacha. Thuwaini akashika Muscat, Majid akashika Unguja, na kila mmoja akamtazama mwenziwe kwa jicho la husuda.

Mwaka 1859 Barghash akamwasi kaka yake Majid. Karani wa wala njama alikuwa dada yao Salme, msichana wa miaka 15! Kwa nini yeye? Kwa sababu alijua kuandika. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma tu. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Majid akaomba msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Uasi ukazimwa, Barghash akapelekwa Bombay. Lakini mgeni ukimwita akuamulie ugomvi, hatoki bure. Mwaka 1861 Canning, Mwingereza aliyetawala India, aliugawa ufalme wa marehemu: Majid awalipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1866 Thuwaini akauawa na mwanawe mwenyewe, Salim. Mwaka huohuo Salme, mjamzito wa Mjerumani Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza. Aliporudi 1885 kudai urithi, Barghash, sasa Sultani, alikataa hata kumwona. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Nyumba kwisha!

Tunaijua habari ya ndani ya jumba lile kwa sababu mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani. Mimi namheshimu kwa hilo. Lakini jamani, tusimsome kwa kufumba macho: kitabu hichohicho kinautetea utumwa. Aliyefukuzwa nyumbani alisimulia machungu yake. Waliochuma karafuu hawakupewa hata mfupa wa kujifunzia herufi. Sasa kalamu tunazo sisi. Riwaya ya jumba lile ikiandikwa tena, naomba ianzie shambani.